Karatasi ya Kupanda

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa chini. Kama umesimama kwenye kile chumba chenu cha pasi, tafadhali zima pasi kwanza, vuta kiti, ndipo uendelee kusoma. Sisi huku tunajikongoja. Mama anakula, ingawa lazima akumbushwe kwamba sahani iko mbele yake. Wifi yako anakusalimu sana. Mwanangu mdogo ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila mtu bila upendeleo. Mimi ni mzima. Neno hilo nitalirudia huko mbele, na utaona kwa nini siku hizi likitamkwa natamani kuziba masikio.

Barua yako mwenzako wa kazini aliniletea Jumanne, na hii ataibeba yeye yeye akirudi huko Ijumaa. Umeandika kurasa mbili za habari za watoto, viatu vyao na alama zao za hesabu, kisha chini kabisa, pale ambapo karatasi ilikuwa imekwisha, ukabana mistari saba kwa herufi ndogo kama mtu anayeficha kitu kabatini. Nimeisoma mistari hiyo mpaka naijua kwa moyo. Unasema moyo wako siku hizi unaruka, unakuwa kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Unasema wiki mbili zilizopita ulianguka ukipiga pasi, ukazinduka wenzako wanakupepea, na shuka la hoteli limeungua alama ya pasi katikati. Halafu ukamaliza kwa kuniambia nisihangaike, eti ni majonzi na joto la kile chumba. Hospitali huendi, kwa sababu mimi nilishapimwa nikaambiwa ni mapigo ya ziada tu, na marehemu mdogo wetu alipimwa akaonekana ana moyo safi kabisa, na karatasi yake ipo kwa Mama mpaka leo.

Dada, ni hiyo karatasi inayonifanya niandike. Nimekupigia simu mara tatu tangu Jumanne. Kila ulipopokea nilijikuta nakuuliza hali ya watoto, nikakuuliza mvua, mara ya tatu nikakuuliza bei ya sabuni, ukacheka ukaniuliza kama nimeanza kuzeeka. Mdomo ulikataa. Basi nimekaa hapa mezani, mlango nimeufunga, nianze mwanzo mpaka nifike ninapopaogopa.

Mwaka jana, kabla ya yote haya, moyo wangu ulianza visa. Nikiwa nachanganya rangi, ghafla ndani ya kifua kitu kinagonga nje ya zamu yake, kinanyamaza kidogo, kisha linakuja pigo moja kubwa mpaka nashika koo. Nilijikaza kiume wiki tatu. Wifi yako hakujikaza hata siku moja, alinisukuma mpaka hospitali kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya heshima. Nilimkuta daktari mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alinilaza, wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari yake, nikatolewa na damu kidogo.

Aliniuliza nalala saa ngapi, nakunywa kahawa vikombe vingapi, navuta au sivuti, nakunywa maji ya kutosha au nashinda juani na koo kavu. Nilimjibu ukweli nikaona aibu. Akaniambia kwamba mapigo ya namna ile watu wengi wanayo, wazima kabisa. Moyo unapiga pigo moja mapema, unapumzika kidogo, halafu unapiga la nguvu kufidia, na ni hilo la nguvu ndilo tunalolisikia. Uchovu huyaleta, wasiwasi huyaleta, homa, kahawa, sigara. Alisema yangu hayamtishi. Nilikuwa nimeshainuka kuvaa shati.

Akanirudisha kwenye kiti. Alisema kuna watu ambao hataki kusikia wamekaa nyumbani wakijiambia ni uchovu. Mtu anayezimia au kukaribia kuzimia. Mtu ambaye kifua kinambana au pumzi zinamkatika. Mtu ambaye moyo unamkimbia ghafla na hautulii, au unaruka akiwa katikati ya kazi nzito. Na mtu ambaye katika damu yake kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, hata kama yeye mwenyewe anajiona simba. Akaniuliza kama kwetu yupo. Nikamtajia Mjomba, yule aliyeanguka uwanjani akifukuza mpira, ambaye tangu utotoni tuliambiwa jua lilimpiga kichwani. Daktari aliacha kuandika. Akauliza Mjomba alikuwa na umri gani, nikasema sijui. Akaniambia nikamuulize Mama vizuri, nirudi nimweleze, na kama nina ndugu nije nao.

Sikumuuliza Mama. Sikurudi. Nilipunguza kahawa, moyo ukatulia, nikajiona daktari mwenza. Nilikuwa namwambia kila mtu pale kazini habari za mapigo ya ziada, mpaka wakachoka nami.

Sasa nikueleze mambo ya kazini, maana ukija huwa tunakupitisha mbali na rangi usichafuke. Kwenye kampuni yetu, mtu wa chini kama mimi, wa kuchanganya rangi na kuosha brashi, hadaiwi chochote. Anayepanda kupaka maghorofa, anayekaa kwenye ubao na kuning'inia kwa kamba, lazima kila mwaka apimwe na kuleta cheti chenye sahihi ya daktari. Sisi tunakiita karatasi ya kupanda. Huna karatasi, hupandi, unabaki chini na Kopo. Kopo ni mimi, usisahau.

Na tuna desturi nyingine ambayo haijaandikwa popote. Tunaiita kubebana. Mwenzako amechelewa, unamsainia kitabu cha mahudhurio. Ana mazoezi ya usalama siku ambayo mtoto wake anaumwa, unakwenda kukaa kwenye kiti chake, ukiitwa jina lake unaitika. Yupo mmoja wetu aliyefanya mazoezi ya kuzima moto mara tatu kwa majina matatu, na mpaka leo ukimuonyesha kiberiti anarudi nyuma. Tunacheka sana na mambo haya. Hakuna aliyewahi kumkatalia mwenzake, kwa sababu ukikataa leo, kesho utaangukia mikono ya nani?

Mdogo wetu, wewe unamkumbuka kwa jina la nyumbani. Huku hakuna aliyelijua. Huku alikuwa Popo. Alipenda kule juu kuliko alivyopenda kula. Chini alikuwa mtu wa kawaida, mvivu kidogo, anayepoteza funguo. Akishakaa kwenye ubao wake, ghorofa ya tano au ya sita, alikuwa mtu mwingine, mkono wake hautetemeki, kingo za madirisha yake zimenyooka kuliko za mtu yeyote. Na mzaha wake ulikuwa mmoja tu. Anaachia mikono, anakunja shingo, ulimi nje, ananing'inia kwenye mkanda kama aliyekata roho, mpaka msimamizi apige kelele huko chini. Halafu anampungia mkono. Msimamizi alimtukana kwa hilo miaka minne mfululizo, na miaka minne mfululizo Popo alimpungia mkono.

Miezi minne kabla ya kifo chake alizimia kwenye ngazi akiwa amebeba ndoo. Mimi ndiye niliyemuokota. Alikuwa mweupe midomo, jasho jembamba usoni, akaniambia moyo umeruka, ukaruka tena, halafu taa zikazimika. Nikamwambia asijali, hata wangu unaruka, ni ukoo wetu, ni mapigo ya ziada. Nikamwambia apunguze kahawa. Popo alikuwa hanywi kahawa, Dada. Wiki tatu baadaye akazimia tena, nyumbani kwake, akifunga kamba za viatu. Akanilisha kiapo nisiseme. Ndiyo kwanza muda wa kupimwa kwa mwaka ule ulikuwa umefika, na aliogopa kushushwa.

Karatasi ya kupanda ikatoka. Moyo hauna tatizo. Hajawahi kuzimia. Ukoo hauna historia ya kifo cha ghafla. Akaendelea kupanda.

Siku yenyewe ulielezwa kwa kifupi, kwa sababu mazikoni hakuna mtu aliyeweza kukueleza kwa kirefu. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua la kawaida, jengo la ghorofa saba, rangi ya krimu. Popo alikuwa ghorofa ya tano. Nilikuwa chini nakoroga kopo nikasikia wenzangu wanaanza kucheka, nikainua kichwa. Alikuwa ameachia mikono, shingo imekunjika, ananing'inia. Msimamizi akaanza kutukana kama kawaida. Dada, nilicheka. Nilimpigia kelele aamke, rangi inakauka, popo hulala mchana lakini si kwa mshahara wa kampuni. Watu wakazidi kucheka, nami nikafurahi kwamba nimewachekesha.

Rola yake ilikuwa chini, karibu na mguu wangu, imetapakaza krimu kwenye turubai. Niliiona. Popo katika mizaha yake yote hakuwahi kuangusha rola, maana kuiosha ni kazi yake. Niliiona na sikuielewa. Aliyeielewa ni mzee wetu wa kamba, yule anayekagua mikanda kila asubuhi, mwenye kusikia kwa sikio moja. Aliitazama rola, akatupa kila kitu, akakimbilia ngazi. Mpaka anafika juu na kumshusha, tulikuwa tumeshacheka vya kutosha.

Kampuni ilichunguza. Walikuwa na karatasi inayosema moyo ni mzima, hivyo moyo wakauweka pembeni. Wakasema mkanda ulimkaba kifua akakosa pumzi, na mkanda hukaguliwa na mzee wa kamba. Mzee alifukuzwa. Mtu pekee aliyekimbia ndiye aliyefukuzwa. Nimekutana naye mara mbili barabarani, mara zote mbili amenipa pole ya mdogo wangu, na mara zote mbili nimeipokea. Wewe mwenyewe ulimlaani mazikoni mbele ya watu, nami nilikuwa nimesimama karibu yako, nimekushika bega.

Mama aliichukua ile karatasi akaitia kwenye plastiki, anaiweka chini ya mto. Wageni wakija anawaonyesha. Anawaambia mwanawe alikuwa mzima, daktari alisema, sahihi hii hapa.

Dada, nimefika.

Ule moyo ulioandikwa kwenye karatasi ni wangu.

Popo aliniomba nimbebe, nami nikambeba. Asubuhi ile nilivaa shati lake, nikachukua kitambulisho chake. Unajua tunavyofanana, hata wewe uliwahi kunichapa kwa kosa lake. Siku ya wafanyakazi wa kampuni daktari hakai na watu, kuna kijana wa vipimo anayebandika nyaya na kuuliza maswali ya fomu, daktari, yule yule wa mapigo yangu, anasaini jioni. Kijana aliita jina la mdogo wetu, nikaitika. Akaniuliza kama nimewahi kuzimia. Nikasema hapana, na kwa upande wangu ilikuwa kweli, nikajificha nyuma ya hiyo kweli. Akaniuliza kama kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Nilimkumbuka Mjomba pale pale. Nilimkumbuka na daktari alivyoacha kuandika. Nikasema hapana, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilitaka kuwahi kazini kabla sijakosekana kwa jina langu mwenyewe.

Nilikuwa najua. Wengine wote wangeweza kusema hawakujua. Mimi niliketishwa kwenye kiti, nikatajiwa dalili moja moja, na dalili hizo nilizibeba kichwani mpaka kwenye ngazi ambako mdogo wangu alikuwa amelala chini midomo imekuwa myeupe, nikamwambia apunguze kahawa.

Barua yako ilipofika nikafanya nilichopaswa kufanya mwaka jana. Nilimuuliza Mama kuhusu Mjomba. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kabla ya siku ile alikuwa ameanguka mara mbili, mara ya pili akioga. Hilo jua lilitafutwa baadaye, watu wapate cha kusema.

Jana Jumatano nilikwenda kwa daktari yule, nikapiga moyo konde nikamwambia yote, nimesimama, maana sikujiona nastahili kiti. Hakupaza sauti. Alifungua kabati, akatoa karatasi ya mistari yangu ya mwaka jana, akatoa na ile yenye jina la marehemu, akaziweka mezani sambamba. Alizitazama muda mrefu. Akaniambia kwamba tangu msiba alikuwa anaitoa hiyo ya pili kila wiki, anatafuta alipokosea. Nilimwomba msamaha, akasema hilo litakuja na siku yake. Nilimuuliza kama Popo angepona. Akasema hawezi kuniapia, kuna mioyo ambayo mashine ya siku moja haioni kitu, lakini mtu aliyezimia mara mbili asingemsainia kupanda hata kwenye stuli.

Alinipima tena, safari hii kwa mashine kubwa inayoonyesha moyo ukicheza, na akanivalisha kifaa kingine kidogo kifuani mchana kutwa na usiku wake, leo nimekirudisha. Moyo wangu hauna kitu, Dada. Ni mapigo ya ziada. Nimeambiwa nirudi kila mwaka, lakini kwa sasa ni mzima, na tangu nimeambiwa hivyo sijui niufanyie nini.

Halafu akaniuliza amebaki nani. Nikamsomea mistari yako saba. Alivaa miwani akaisoma tena mwenyewe. Alisema nikuandikie hivi: hili la kwako si la kungojea mwisho wa mwezi. Usirudi kwenye pasi, usipande kitu, usiendeshe chombo, usioge mlango umefungwa kwa komeo. Uende hospitali kubwa iliyo karibu nawe siku unapoipata barua hii, umpe daktari wa huko ile bahasha ndogo niliyoweka humu ndani, imeandikwa habari za Mjomba na za Popo, za kweli. Ukizimia tena, au kifua kikakubana, au moyo ukakimbia usitulie, walio nawe wakukimbize saa ile ile, wasianze kukupepea. Na watoto wapimwe pia, hata kama wanaruka kamba mchana kutwa. Alisema magonjwa ya namna hii yakijulikana mapema yana dawa na yana njia. Hilo alilirudia mara mbili, nami nimeliandika kama alivyolisema.

Kesho asubuhi nitamwambia Mama. Nitamwomba ile plastiki. Kutoka hapo nitakwenda ofisini kueleza karatasi ilipatikanaje, wafanye watakalofanya, na jioni nitakwenda kwa mzee wa kamba. Kwake ndiko ninakoogopa zaidi, kwa sababu najua atanikaribisha ndani.

Jumamosi saa nne asubuhi nitapiga simu. Sitakuuliza mvua. Nitakuuliza daktari amesema nini, na kama hujaenda nitapanda gari nije nikubebe mgongoni mbele ya wafanyakazi wenzako wote, na unajua sina haya. Wasalimu watoto, yule mkubwa mwambie hesabu zake nimeziona, ajitahidi kidogo. Msalimu mwenzako aliyekuletea barua, na mwombe akae nawe unapomaliza kusoma.

Najua baada ya haya hutataka kuniita mdogo wako, na sitakulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu, na sitaomba kingine maishani. Nenda kapimwe wewe mwenyewe, kwa jina lako, useme ukweli wote. Kisha unilaani, unilaani ukiwa hai.

Ni mimi, uliyenibeba mgongoni utotoni,
Kopo.